Mtoano wa Nafasi Mbili

Jumatatu, 4 Agosti. Suna.

Mafuta kwenye vidole vya Odongo, dakika kumi. Kufinya mpira, mara kumi na tano. Leo amefika kumi na mbili akaurusha chini ya kabati. Nikauokota. Shule zimefungwa na hii ndiyo kazi yangu ya likizo, kuokota mpira.

Mama Akoth amepiga simu kutoka Rodi Kopany. Ni mwaka wa tatu tangu mumewe, Mzee Ogwang', atuache, na familia imekubaliana kufanya rapar, ile karamu ya kumkumbuka marehemu nyumbani kwake. Ng'ombe wapo. Hema limepatikana. Kwaya imeitwa. Sasa anataka na mashine. Ogwang' ndiye aliyetuletea mashine za michezo, zile kubwa za kuchezea umesimama, akafungua ukumbi mmoja hapa Suna, Migori, na mwingine Homa Bay. Kila ukumbi umebakiwa na mashine moja nzima. Mchezo ni uleule: chombo cha angani, unakwepa, unapiga maadui wanaoshuka. Mama Akoth anataka zibebwe kwa pikapu hadi nyumbani, Migori na Homa Bay washindane kwa heshima ya mzee. Wanane kwa wanane. Na mimi, kwa kuwa nafundisha hesabu, nipange namna ya kushindana.

Nikasema hicho ni kitu kidogo. Mdomo wangu huu.

Odongo alisikia yote. Pacha wangu, nilimtangulia robo saa, ndiyo maana naitwa Apiyo. Alikuwa bingwa wa ukumbi wa Suna miaka na miaka kabla kiharusi hakijamnyang'anya mkono wa kulia. Mzee Ogwang' ndiye aliyempa Odongo kazi baba yetu alipofariki. Amesema neno moja: "Nitacheza." Sijui kama nilifurahi au niliogopa. Niliogopa.

Jumatano, 6 Agosti

Nilidhani nitaamua kwa kikombe kimoja cha chai. Siku mbili sasa.

Vijana wa ukumbi wa Suna wanajua namna moja tu, mshindi anabaki. Ukishinda unabaki kwenye mashine, ukishindwa unarudi mwisho wa foleni. Siitaki. Mshindi anasimama mpaka achoke, halafu anaangushwa na mtu aliyekuwa ameketi akila mahindi. Namjua mtu ambaye hawezi kusimama mpaka achoke.

Homa Bay wanataka alama. Oluoch, kinyozi wa huko, mchezaji wao hatari, amenipigia mwenyewe: "Madam, sisi huku ni points tu. Kila mtu acheze mara moja, tuandike, mwenye ako na kubwa amebeba. Kuzungushana ya nini?" Ana hoja. Ni rahisi na haina kelele. Lakini orodha ya alama ina mwisho. Kuna mtu ataandikwa wa kumi na sita, kwa kalamu nene, mbele ya watu waliomjua akiwa wa kwanza. Mkono utakaoandika ni wangu.

Ligi, kila mtu na kila mtu: michezo mia moja na ishirini. Wageni wangehamia kabisa.

Unabaki mtoano wa kawaida. Michezo kumi na mitano. Ukishindwa, umetoka. Safi kama ubao uliofutwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Mama Akoth ameukataa mtoano kabla sijamaliza kueleza. "Mwalimu, mtu ametoka mpaka Isebania na shati yake nzuri, acheze dakika kumi, alafu umwambie ametoka? Kwa rapar? Hapana. Hapa kwa mzee mgeni hafukuzwi hivyo."

Ni kweli, na nilipaswa kulifikiria. Kwenye rapar hata aliyekuja bila kualikwa hupewa kiti na sahani. Nimezaliwa huku, nimekula rapar zisizo na idadi, na bado nilipeleka karatasi ya kufukuza wageni. Nimekasirika. Aliyenikasirisha ni mimi.

Lakini nimefurahi pia, kimyakimya. Kwa mtoano Odongo angecheza mara moja. Miaka miwili ya kufinya mpira, halafu dakika kumi.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeipata kanisani, Mungu anisamehe, katikati ya mahubiri, nyuma ya bahasha ya sadaka.

Mtoano wa nafasi mbili. Ukishindwa mara ya kwanza hutoki. Unashuka upande wa chini, unakutana na wenzako walioshindwa. Ukishindwa tena huko, sasa umetoka. Anayebaki wa mwisho kule chini anapanda kukutana na mshindi wa juu, na hiyo ndiyo fainali. Na kwa kuwa yule wa juu hajawahi kushindwa, akishindwa kwenye fainali inarudiwa, ili naye apate nafasi yake ya pili. Haki tupu.

Michezo thelathini. Fainali ikirudiwa, thelathini na mmoja. Mashine mbili, dakika ishirini kila mchezo. Kwa jumla saa tano na kitu. Inaingia vizuri kati ya maombi na giza.

Hakuna mgeni atakayecheza chini ya mara mbili. Mama Akoth amepiga kigelegele kwenye simu hadi nikaisogeza mbali na sikio. Nimetembea siku nzima nikijiona mwerevu.

Kilichonifurahisha zaidi siwezi kumwambia mtu. Odongo atashindwa mara mbili badala ya moja. Mara mbili ni kuonekana. Watu watasema alikuja, alisimama, alijitahidi. Atarudi nyumbani na kitu cha kusimulia, aache kulala mchana akiutazama ukuta.

Jumanne, 12 Agosti

Nimempeleka ukumbini. Mara yake ya kwanza tangu augue. Vijana walimpisha wote kwa pamoja, na hilo lilimuudhi. Nililiona shingoni mwake.

Mkono wa kushoto uko vilevile. Unaishika ile fimbo ya kuongozea chombo kama zamani, hata haonekani kuusogeza. Wa kulia ndio shida, na wa kulia ndio wa kufyatulia. Kidole cha shahada hakitii, anabonyeza kwa kifundo cha kidole cha kati. Mchezo wa kwanza alicheza vizuri sana. Wa pili, vizuri. Wa tatu vidole vilianza kujikunja. Wa nne mkono ukawa ngumi, haufunguki. Nilimfungua vidole kimoja kimoja nje, kwenye ngazi, kwa mafuta. Ilichukua saa nzima.

Mtaalamu wa mazoezi aliwahi kutuambia mkono ukikataa, usilazimishwe. Una akiba kidogo, ukiimaliza unairudisha nyuma kazi ya miezi.

Michezo miwili, basi. Mitatu ikizidi sana. Mpango wangu unamfaa. Nimeshukuru.

Alhamisi, 14 Agosti. Rodi Kopany.

Mkutano nyumbani kwa marehemu. Wanane wa Homa Bay wamekuja na maneno. Mmoja alisema wazi, akinitazama: "Huyu si ndiye dada ya Odongo? Na ndiye anapanga? Alafu ati akishindwa mtu anarudi tena?" Wengine wakaguna. Oluoch akawanyamazisha, akasema Odongo ndiye aliyemfundisha kukwepa zamani zile na hana haja ya kubebwa na mtu.

Nilikasirika nikasimama. Nikasema mpango ni huu, hautabadilishwa hata nukta, si kwa mgonjwa, si kwa mzima, si kwa Migori, si kwa Homa Bay. Nikaapa kwa jina la Mzee Ogwang', kwenye uwanja wake, hatua chache kutoka kaburini. Hewa ikabadilika. Hakuna aliyeuliza tena. Mama Akoth akatikisa kichwa polepole, na sikuelewa kama ananisifu au ananihurumia.

Alhamisi, 21 Agosti

Droo imefanywa leo, vikaratasi kwenye sufuria. Odongo na Oluoch, mchezo wa kwanza kabisa. Watu walishangilia. Odongo akatabasamu upande mmoja wa mdomo, ule unaoweza.

Nyumbani nikachora mpango wote kwenye karatasi ya manila. Ndipo nikapita kwa penseli njia ya mtu anayeshindwa mchezo wa kwanza, kisha anashinda yote inayofuata. Kuangalia tu. Anashuka. Michezo sita upande wa chini. Kisha fainali. Kisha kurudiwa kwa fainali. Pamoja na ule wa kwanza, tisa.

Aliyeshinda tangu mwanzo anacheza minne kufika fainali.

Nikahesabu tena. Tisa. Na kadiri watu wanavyopungua ndivyo anavyokosa kupumzika. Michezo minne ya mwisho inafuatana. Wa juu ameketi anakula nyama, wa chini hana hata nafasi ya kunawa.

Mwalimu wa hesabu. Nilihesabu mashine. Sikumhesabu mtu.

Nimempigia Mama Akoth. Nikamwambia labda tuweke siku mbili, labda tupunguze. "Mwalimu, si uliapa kwa jina yake? Hapa kwake?" Nikasema ndiyo. "Sasa mimi nitabadilisha aje kiapo ya mtu aliyeapia bwana yangu?" Hakusema kwa ubaya. Basi.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimepiga pasi shati lake jeupe. Sijamwambia kuhusu tisa. Nikimwambia kwa tahadhari, nitakuwa nimemwambia usishinde. Nikimwambia kwa utani, ataniona usoni.

Nimejipa moyo kwamba atashindwa ya pili. Nimeomba hivyo. Nimemwombea ndugu yangu ashindwe, na nikasema amina.

Jumamosi, 23 Agosti. Rodi Kopany.

Naandika vipande nikiwa mezani pa refa, kila nipatapo nafasi.

Saa nne. Maombi yamekwisha. Jenereta inanguruma nyuma ya jiko. Nimeusoma mpango kwa sauti, wote, hadi mstari wa kurudia fainali. Watu wameketi chini ya hema na vikombe. Kwaya imevaa kijani.

Mchezo wa kwanza. Oluoch 21,400. Odongo 19,850. Ameshindwa, lakini si kama nilivyofikiria. Walishikana mikono, ya kushoto. Ameshuka chini. Vizuri. Bado mmoja.

Saa sita kasoro. Mchezo wake wa pili. Fundi wa redio kutoka Homa Bay. Odongo ameshinda. Kwa mbali. Watu wakasimama. Nilipiga makofi huku nikihesabu michezo iliyobaki.

Saa saba. Wa tatu. Mbadilisha pesa wa Isebania, yule wa shati nzuri. Ameshinda tena. Nimemsogelea na chupa ya mafuta, akanikwepa: "Si mbele ya watu."

Chakula. Amekula kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ameuweka chini ya meza, mapajani. Najua anaufungua kidole kimoja kimoja.

Saa nane na nusu. Wa nne. Ameshinda. Sasa anabonyeza kwa ngumi. Kila mpigo unasikika hadi hapa. Wazee waliokuja kwa ajili ya kwaya wamegeuza viti kuelekea mashine. Wanauliza huyo ni mtoto wa nani. Wanaambiwa ni yule wa pacha, yule aliyekuwa kwa Ogwang'. Wanasema aaa.

Saa tisa. Wa tano. Ameshinda kwa alama hamsini. Hamsini! Nilitaka kupiga kelele na nilitaka kulia, na kwa kuwa mimi ndiye refa nikaandika hamsini.

Saa kumi kasoro. Wa sita. Ameshinda. Hakuna aliyebaki wa kucheza katikati. Nimetangaza kwa mujibu wa mpango kwamba anaendelea moja kwa moja. Sauti yangu mwenyewe kwenye kipaza sauti. Nilitamani ipotee.

Wa saba. Ameshinda. Sijui kwa nini ameshinda. Mkono umegeuka rangi. Yuko fainali.

Oluoch ametoka kwenye kiti chake. Alikuwa amepumzika karibu nusu saa.

Wa nane, fainali. Oluoch 18,900. Alikuwa na wasiwasi, alipoteza vyombo viwili mapema. Odongo akaingia. 19,120.

Sijawahi kusikia kelele kama zile nyumbani kwa marehemu. Mama Akoth alicheza na kanga kichwani. Watoto wa kwaya walikimbia hadi barabarani na kurudi. Odongo alikuwa ameegemea mashine kwa bega, macho yamefungwa.

Kila mmoja amekwisha kushindwa mara moja. Inarudiwa.

Oluoch akaja mezani pangu, akainama. "Madam, tuwache hapo. Tugawane. Hakuna mtu atasema kitu." Mtu mzuri. Lakini nyuma yake wale wengine wa Homa Bay walikuwa wamesimama, na yule aliyenisema kwenye mkutano alikuwa ananitazama mimi, si mchezo. Na kaburi liko pale pale. Nilifungua mdomo.

Odongo akasema kutoka kwenye mashine, bila kugeuka: "Apiyo. Soma vile uliandika."

Nikasoma.

Wa tisa. Oluoch alicheza kwanza. Alicheza vibaya makusudi, nilimwona, na hata hivyo akapata 9,300. Kisha Odongo. Alipiga kitufe mara chache kwa ngumi, kisha kwa kiwiko cha mkono. Kisha mkono ukaanguka ubavuni, ukakaa hapo. Chombo kikaacha kufyatua. Hakuacha kucheza. Alikuwa anakwepa tu, kwa mkono wa kushoto, chombo kulia, chombo kushoto, risasi zinapita pembeni, maadui hawapungui, wanashuka. Ukifyatua unawapunguza. Usipofyatua wanafika tu, hakuna njia. Kila mtu pale alijua. Alikwepa dakika nne. Nilihesabu kwa saa yangu kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya.

310.

Nimeiandika. Mwandiko wangu haujatetemeka. Hilo limeniumiza.

Jumapili, 24 Agosti

Tumelala Rodi Kopany. Mkono umevimba hadi kwenye kiwiko. Daktari wa Homa Bay anasema kiharusi hakijarudi, ni misuli, tumshukuru Mungu. Kuhusu kazi ya miezi hiyo yote, amesema tutaona.

Wageni wanaondoka wakimsalimia kama mtu mkubwa. Anaitikia kwa kichwa. Hajasema neno tangu jana. Kila anayenipita ananiambia mpango wako ulikuwa mzuri sana, Mwalimu, tumefurahi. Nasema asante. Nimesema asante mara nyingi sana leo.

Jumanne, 26 Agosti. Suna.

Mpira haushikiki. Vidole havifunguki hata kwa mafuta na maji ya moto. Tumerudi pale tulipokuwa wakati anatoka hospitali, labda nyuma kidogo. Nimefanya hesabu ya muda utakaohitajika nikaacha katikati. Hesabu zangu nimezichoka.

Jumatano, 27 Agosti

Mvua asubuhi. Uji. Odongo aliketi mezani mwenyewe, hakuningoja nimwite.

Akauliza bila kuniangalia: "Wakati unapanga, ulidhani nitafika wapi?"

Ningeweza kudanganya. Nimewadanganya wazazi wa wanafunzi kwa mambo madogo kuliko hayo. Nikasema: "Mchezo wa pili."

Alikunywa. Aliweka kikombe chini. "Hata mimi nilidhani wa pili," akasema. Mvua juu ya mabati. "Lakini wewe, nyaminwa, dada yangu, wewe haikufaa kudhani hivyo."

Ni kweli, haikufaa.

Niliondoa vikombe. Nikaleta mkasi, nikaketi karibu naye, nikaanza kumkata kucha za mkono wa kulia, kwa shida, kwa kuwa vidole vimekunjwa na kucha zinaelekea ndani. Aliniachia mkono. Alikuwa anaangalia mvua.